Njano si njaa ya mbolea kila mara: kwa wagani wapya wa mpunga

Mkulima akikuita shambani kwa sababu mpunga wake umegeuka njano, usikimbilie kumwambia aongeze urea. Wengi mnaoanza kazi mnaponzwa hapo. Njano hiyo inaweza kuwa kimyanga, ugonjwa wa virusi, na urea ikishamwagwa, anayeneemeka ni kuvu wa blasti, ugonjwa mwingine wa mpunga unaotia majani madoa.

Virusi vya kimyanga hufifisha ukijani, mpunga ukadumaa na machipukizi yakawa machache. Mkulima anadhani ni njaa, anaongeza mbolea. Mbolea haiponyi virusi, ila naitrojeni ikizidi majani hulainika na kusongamana, na blasti inashika kasi hata kwenye mashina yaliyokuwa mazima. Ukiitwa tena utakuta madoa, utaandika blasti, na kimyanga hakitatajwa popote.

Kwa hiyo anza na umri wa jani. Upungufu wa naitrojeni huanzia majani ya chini, yaliyozeeka, na rangi hufifia kwa ulinganifu. Kimyanga hujionyesha kwenye majani machanga: liinue jani juani utaona michirizi ya njano na kijani ikifuata mishipa. Doa la blasti lina umbo la jicho, kati kijivu, ukingoni kahawia. Kwenye jani lililokwisha kuwa njano, ukingo huo hausomeki vizuri. Likikutatiza, lilaze kwenye karatasi yenye unyevu ndani ya kisahani kilichofunikwa, kesho yake utazame kwa hadubini: mbegu za kuvu wa blasti zina umbo la pea na kuta mbili ndani.

Je, virusi vyenyewe humfungulia kuvu mlango? Inategemea virusi gani, aina gani ya mpunga, na nani alitangulia, kwa sababu kinga iliyoamshwa na mvamizi mmoja huweza kumzuia wa pili au kumpisha. Utafiti wa Burkina Faso uliochapishwa mwaka 2017 ulikuta mpunga wenye kimyanga ukionyesha dalili zaidi za ugonjwa wa michirizi ya bakteria. Ni bakteria lakini, si kuvu. Usiutaje kama ushahidi wa blasti. Pia mtasikia habari za virusi vinavyomshambulia kuvu mwenyewe. Ni kweli, watafiti wa Japani walieleza kimoja mwaka 2010, kikidumaza kuvu wa blasti. Bado si dawa ya kupulizia, msimuahidi mtu.

Kimyanga kilitambuliwa mara ya kwanza karibu na Kisumu mwaka 1966, na hadi leo hakina dawa. Hakiendi na mbegu. Mbawakawa hukibeba, na sisi pia, kwa mikono na mundu. Kagua majaruba mazima kwanza, yaliyougua mwisho, kisha nawa kwa sabuni kabla ya kuhamia kwa jirani. Mashina yenye kimyanga yang'olewe mapema na kufukiwa, na mabaki yanayochipua baada ya mavuno yalimwe.

Kwenye fomu, kimyanga na blasti viwe na safu mbili tofauti, shina kwa shina, pamoja na tarehe na kiasi cha urea iliyowekwa. Maeneo kama Mwea nchini Kenya, ambako aina ya mpunga ya Basmati 370 inapendwa sokoni na blasti inaipenda vilevile, safu ya urea ndiyo ya kuangalia kwanza.