Manjano yanayotuama chini ya kikombe

Ndugu, umeuliza kwa nini unga wa manjano unaokoroga kwenye maji ya moto unatuama chini, na kama uhamie vidonge vya manjano kwa ajili ya maumivu ya goti. Unatuama kwa sababu kukumini, ile rangi yenyewe ya njano, karibu haiyeyuki kabisa kwenye maji, hupenda mafuta. Pasha kijiko kikubwa cha mafuta kwa moto mdogo, tia nusu kijiko cha chai cha manjano, koroga nusu dakika hadi mafuta yashike rangi na ile harufu ya udongo ipungue. Yakiwa kahawia yameungua, yatakuwa machungu. Mwaga uanze upya. Mimina kikombe cha maziwa, chemsha taratibu dakika 5, nyunyiza pilipili manga: piperini iliyomo husaidia kukumini ifyonzwe.

Hata hivyo usitarajie makubwa, maana kukumini ni kama asilimia 3 tu ya unga. Vidonge vina dozi kubwa zaidi, na hapo nakusihi uwe mwangalifu sana: vimewahi kudhuru ini, hasa vile vilivyoongezwa piperini. Kama unatumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, au una mawe ya nyongo, muone daktari kwanza. Mkojo ukiwa mweusi kama chai, au macho yakigeuka njano, acha vidonge siku hiyohiyo uende hospitali.