Mnaoanza hematolojia (elimu ya damu), msianze na majina ya seli

Wadogo zangu mliopewa topiki ya damu inavyotengenezwa kwenye uboho, ile nyama laini ya ndani ya mifupa, nawaona mnavyokariri. Mi nilifanya hivyo hivyo, proeritroblasti, basofili, polikromatiki, ortokromatiki, retikulosaiti, yaani hatua za seli nyekundu kukomaa, nilikua naweza kuzitaja hata nimelala, afu siku ya kwanza nimewekewa slaidi ya uboho kwenye hadubini nikakuta bahari ya seli za zambarau na hata moja sikuitambua. Mwalimu wetu wa maabara alikua mama mtulivu sana, hakuniuliza jina, akaniuliza "hii imetoka wapi na inaelekea wapi?" Sikua na jibu, na hilo swali ndo nawapa nyie leo kwa sababu mpaka sasa nikikwama nalirudia.

Seli kwenye uboho iko safarini. Imetoka kwenye seli shina, mama wa seli zote za damu, ambayo ni adimu kiasi kwamba kwenye slaidi ya kawaida huwezi kuinyooshea kidole ukasema ni hii, inagawanyika, watoto wake wanachagua njia, na kila hatua kuna vitu vitatu vinabadilika: ukubwa, kiini, na rangi ya saitoplazimu (ute unaozunguka kiini). Ukivijua hivyo vitatu majina yatakuja yenyewe.

Chukua seli nyekundu. Inaanza kubwa, mikromita 12 mpaka 20, kiini kimejaa karibu seli nzima, kromatini (DNA na protini zake) ni laini na imetawanyika, nukleoli (vidoa vya duara ndani ya kiini) zinaonekana, na saitoplazimu ni bluu iliyokolea. Bluu ya nini? Ni RNA, seli imejaa mashine za kutengeneza protini na rangi yetu ya slaidi inazishika. Kadri hemoglobini inavyojaa upinki unaingia, bluu na pinki zikichanganyika unapata ule ukijivu, hapo ndo polikromatiki, halafu upinki unashinda. Muda wote huo kiini kinazidi kusinyaa na kuwa cheusi mpaka seli inakitupa nje kabisa na makrofeji (seli inayomeza uchafu) iliyo jirani inakimeza. Inabaki retikulosaiti, ina mabaki ya RNA, inakaa siku moja au mbili kwenye uboho, inaingia kwenye damu, na baada ya kama siku moja inakua seli nyekundu kamili ya mikromita 7 hadi 8 itakayotembea siku 120 hivi. Na uboho wa mtu mzima unatoa seli nyekundu kama milioni 2 kila sekunde, mi mpaka leo hiyo namba inanishangaza.

Sasa sikilizeni hapa maana hapa ndipo wengi wanapoachwa. Kiini kina saa yake na saitoplazimu ina saa yake. Kwa mtu mzima wa afya hizo saa mbili zinaenda pamoja, na baadhi ya magonjwa ya damu ni saa moja kuchelewa. Vitamini B12 au foleti ikipungua, DNA haijengeki vizuri, kwa hiyo kiini kinabaki kichanga, kromatini yake bado iko wazi wazi, wakati saitoplazimu inaendelea kujaza hemoglobini kama kawaida. Unapata seli kubwa yenye saitoplazimu ya kizee na kiini cha kitoto. Na kwa sababu kugawanyika kunachelewa, seli zinazotoka nje zinakua kubwa. Upungufu wa madini ya chuma ni kinyume chake, kiini kinakomaa na kuwa cheusi vizuri tu ila saitoplazimu inabaki kidogo, kingo zimechanika chanika, haipinkiki maana hemoglobini haitoshi, na seli za mwisho zinatoka ndogo na zimepauka. Mi hivi vitu nilivisoma kama magonjwa mawili tofauti kwenye sura mbili tofauti, hakuna aliyeniambia ni swali moja tu la nani kachelewa, ningeambiwa mapema ningeokoa miezi.

Upande wa seli nyeupe kanuni ni ile ile ila kuna mtego. Kwenye njia moja ya seli nyeupe inaanza myeloblasti, inafuata promyelosaiti, halafu myelosaiti. Promyelosaiti ni kubwa kuliko myeloblasti aliyemzaa, kwa hiyo usitegemee ukubwa peke yake, angalia chembechembe zilizo kwenye saitoplazimu. Myelosaiti ndo ya mwisho kugawanyika, baada ya hapo kiini kinaanza kubonyea kama figo, kinakua utepe, kinakatika vipande. Megakaryosaiti nayo inavunja kanuni kabisa, inakomaa kwa kukua, inarudufu DNA yake bila seli kugawanyika, inaweza kufika seti 64 za kromosomu, halafu inachomoza mikono yake kupitia ukuta wa mishipa midogo ya uboho na vipande vinavyomeguka ndo chembe sahani, zile zinazosaidia damu kuganda. Ukiiona mara moja hutaisahau, haihitaji maneno mengi.

Niwaambie kosa langu, lisiwapate. Nikiwa mgeni kazini nilipewa damu ya mtoto mchanga aliyezaliwa kabla ya muda, mashine, ya zamani kidogo, ikasema seli nyeupe 24,000 kwa kila mikrolita ya damu. Nikasoma slaidi nikaona limfosaiti (aina moja ya seli nyeupe) nyingi nikaandika hivyo hivyo. Mwenzangu mzoefu akairudia, akanikalisha. Nyingi ya zile "limfosaiti" zilikua seli nyekundu changa ambazo bado zina kiini, na mashine nayo ilikua inazihesabu kama nyeupe. Zilikua 60 kwa kila seli nyeupe 100, kwa hiyo unachukua 24,000 unazidisha kwa 100 unagawanya kwa 160, unapata 15,000. Fikiria daktari anaamua kuhusu maambukizi ya kichanga kwa namba yangu ile ya kwanza, iliniuma sana. Tangu siku hiyo nina tabia moja, nikiona seli ndogo ya duara yenye kiini cheusi nalinganisha saitoplazimu yake na seli nyekundu zilizo pembeni, kama rangi zinafanana au zinakaribiana hiyo ni ya ukoo wa seli nyekundu, kama ni ubluu mwepesi wa anga hiyo ni limfosaiti.

Kitu kingine, msiusome uboho kama kisiwa. Figo ndizo zinazohisi oksijeni imepungua na kutoa homoni ya erithropoietini ya kuuamsha uboho, ndo maana mgonjwa wa figo za muda mrefu anaishiwa damu hata kama uboho wake hauna shida. Na kabla hujafikiria kumtoboa mtu mfupa wa nyonga kuchukua uboho, hesabu kwanza retikulosaiti zake. Damu imepungua na retikulosaiti ni nyingi, kiwanda kinafanya kazi, tafuta damu inavuja wapi au inavunjwa na nini. Ni chache, basi kiwanda chenyewe au malighafi ndo vina shida.

Mkikaa kwenye slaidi ya uboho anzeni na lenzi ndogo, ya 10, muone ujazo wa seli na mafuta na muzitafute megakaryosaiti, ndo mwende kwenye lenzi ya 100 na mafuta yake ya kudondoshea kwenye slaidi. Muwe na penseli za rangi mchore mnachoona, sio kilicho kitabuni. Na seli ikikukatalia iache, angalia jirani zake, maana seli nyekundu changa huwa zinakaa kwa makundi kuzunguka makrofeji, mkubwa na wadogo zake pamoja, na mara nyingi ile uliyoshindwa kuitaja unaikuta imesimama katikati ya mbili unazozijua.