Geddy Lee anaimbaje huku anapiga besi?

Swali: Kaka, napiga besi kanisani na siku hizi naombwa niimbe pia. Nikifungua mdomo tu vidole vinafuata sauti, bit inapotea. Nimemwona Geddy Lee wa Rush anaimba, anapiga besi na mguu nao unakanyaga kitu chini. Anawezaje?

Jibu: Kile cha chini ni Moog Taurus, sinthesaiza ya miguu, ina vibao kama vya kinanda ila vya kukanyaga. Rush walikuwa watatu tu, bendi ya Toronto, Kanada, Alex Lifeson kwenye gitaa na Neil Peart kwenye dramu kuanzia 1974, na muziki ulivyozidi kujaa hawakuongeza mtu, Geddy akabeba besi, sauti, kinanda na miguu. Sikiliza Tom Sawyer ya 1981, ile sehemu ya 7/8 katikati (hesabu ya saba, si nne uliyozoea), wakiwa laivu mkono unaacha besi unaenda kwenye Minimoog, sinthesaiza ya mkono, mguu ndo unashika noti za chini. Jamaa ni hatari kweli, ila kumbuka aliingia Rush 1968 na mpaka 2015 alikuwa bado nao stejini, hayo ni mazoezi ya maisha.

Sasa wewe. Vidole vinafuata mdomo kwa sababu laini ya besi bado unaifikiria. Ipige mpaka uweze kumjibu mtu habari za nyumbani bila kukosa noti, kabla ya hapo usiimbe kabisa. Halafu weka metronomu (kile kifaa au app inayogonga bit) polepole, bit 60 kwa dakika hivi, uyatamke maneno bila kuimba, kila silabi uone inaangukia wapi. Mfano "Bwana asifiwe" kwenye 4/4, yaani unahesabu bit nne nne: BWA iko kwenye bit ya moja, "na" katikati ya moja na mbili, "a" kwenye mbili, "si" katikati ya mbili na tatu, FI kwenye tatu. Kama besi inapiga moja na tatu tu hutapata shida, sauti na kidole vinakutana pale pale, lakini ukiwa na noti ya besi kwenye "na" au "si" hapo ndo mkono unateleza. Basi rudia hizo bit mbili peke yake, si wimbo mzima, watu wengi wanapoteza muda kurudia wimbo mzima.

Na ukiweza punguza noti wakati unaimba, ujaze pale mdomo umefunga. Vya miguu achana navyo kwanza, mguu wako kwa sasa ugonge bit tu.