Robot Chicken walitangulia, si Family Guy

Wapo wanaodai kwamba Family Guy, katuni ya vichekesho ya Kimarekani, ndio waliokuwa wa kwanza kuzifanyia filamu za Star Wars kipindi kizima cha mzaha. Hapana, hawakuwa wa kwanza. Robot Chicken, kipindi kingine cha vichekesho cha Marekani, waliwatangulia kwa miezi mitatu: chao kilirushwa Juni 17, 2007 kwenye televisheni ya Adult Swim, na Blue Harvest, kipindi cha Family Guy cha kuitania Star Wars, ikaonyeshwa kwenye televisheni ya Fox Septemba 23 mwaka huohuo.

Ushahidi umo ndani ya Blue Harvest yenyewe. Itazame mpaka mwisho: Chris, kijana wa familia ya katuni hiyo, anamwambia baba yake Peter kwamba Robot Chicken wameshalifanya hili, Peter anaipuuza kazi hiyo na Chris anakasirika. Sauti ya Chris ni ya Seth Green, na huyohuyo ni mmoja wa waanzilishi wa Robot Chicken. Utani mtamu sana huo, na wengi wanaukosa kwa kuzima mapema.

Ila kazi zenyewe hazifanani. Robot Chicken ni vichekesho vifupivifupi vya wanasesere wanaosogezwa kidogo kidogo na kupigwa picha moja moja, na George Lucas mwenyewe aliigiza sauti yake humo. Family Guy ndio waliosimulia filamu ya 1977 tangu mwanzo hadi mwisho, Peter akiwa Han Solo na mtoto wake mchanga Stewie akiwa Darth Vader, kisha wakazisimulia na filamu mbili zilizobaki kati ya zile tatu za mwanzo. Kwa hiyo ukisema walikuwa wa kwanza kati ya hao wawili kuisimulia hadithi nzima, hapo nakubali.