Kiitaliano Kinatafuta Nini Ughaibuni?

SWALI: Ndugu Mhariri, ninafanya kazi ya kufungasha minofu ya sangara katika kiwanda kimoja hapa Mwanza, na baadhi ya katoni zetu zina maandishi ya Kiitaliano ambayo nimeanza kuyakariri. Rafiki yangu ameniambia kwamba serikali ya Italia hugharamia mafundisho ya lugha yake katika nchi za wengine. Inapata faida gani, ilhali huku kwetu mwomba kazi huulizwa Kiingereza? Nami nikitaka kujifunza, nianzie wapi? (Msomaji, Igoma, Mwanza)

JIBU: Ndugu msomaji, rafiki yako amekueleza kweli. Italia iliungana kuwa dola moja mwaka 1861, na wakati huo wananchi wake wengi walizungumza lahaja za kwao, huku Kiitaliano cha vitabuni, kilichokuzwa kutokana na lahaja ya mji wa Firenze aliyoitumia mshairi Dante katika maandishi yake, kikifahamika kwa wachache waliosoma. Mamilioni ya watu walikuwa wakihamia Argentina, Brazili na Marekani, na mwaka 1889 ikaanzishwa Società Dante Alighieri, chama cha kueneza Kiitaliano chenye jina la mshairi huyo, ili walioko nje wasipoteze lugha hiyo. Baadaye kazi hiyo ikawa ya kidiplomasia hasa: leo Wizara ya Mambo ya Nje ya Italia ina taasisi za utamaduni zaidi ya 80 duniani, na tangu mwaka 2001 kila Oktoba huadhimishwa Wiki ya Lugha ya Kiitaliano.

Faida yake huchelewa. Aliyesoma Kiitaliano huenda akachagua chuo cha huko, akaagiza mashine za huko, au akampokea mtalii kwa lugha yake. Hayo hayahesabiki ndani ya mwaka mmoja, na ndiyo maana serikali huyagharamia bila kumsubiri mfanyabiashara. Nisifiche kwamba Wasomali, Waeritrea na Walibya walikipata Kiitaliano kwa mkono wa ukoloni, na wana haki ya kukitazama kwa jicho jingine. Sisi wa Kanda ya Ziwa tunaweza kukichukua kwa hiari na kwa malengo yetu.

Kwako wewe, malengo ndiyo yatangulie. Ukitaka kusoma chuo kikuu nchini Italia kwa Kiitaliano, kwa kawaida utadaiwa cheti cha ngazi ya B2, yaani ya nne kati ya ngazi sita za kupima lugha zinazotumika Ulaya (A1 hadi C2), na vyeti vinavyotambuliwa hutolewa na vyuo vya Perugia, Siena na Roma Tre pamoja na Società Dante Alighieri yenyewe. Ukitaka kuelewana na wanunuzi tu, ngazi mbili za mwanzo zitakufaa sana. Ulizia ubalozi wa Italia Dar es Salaam, au taasisi yao ya utamaduni iliyopo Nairobi, kuhusu masomo na ufadhili.

Wakati unasubiri majibu, anza na katoni zako. Neno pesce, yaani samaki, husomwa "peshe", na che husomwa "ke". Katika filetti, yaani minofu, ile t maradufu hukazwa, na mkazo huo si pambo: nono ni "wa tisa", lakini nonno ni babu. Mzungumzaji wa Kiswahili huzipata irabu zake kwa urahisi, ila mikazo hii humponyoka, kwa hiyo isome kwa sauti kila siku.

Wao pia wanatusoma: Chuo Kikuu cha L'Orientale, mjini Napoli, kinafundisha Kiswahili.