Kukaza tumbo: upunguze kwanza au ukakatwe kwanza? Jibu kwa dada wa Kasulu

Dada wa Kasulu, swali lako nimelielewa hivi: una kilo 89, urefu sentimita 158, watoto watatu, tumbo la chini limening'inia, na unataka kujua kama ukafanye upasuaji wa kukaza tumbo (kukatwa ngozi iliyozidi na kushonwa misuli ya tumbo iliyoachana) sasa hivi kilo zishuke baadaye, au ushushe kwanza. Wanaokwambia "kafanye tu, kilo zitafuata zenyewe" sikubaliani nao hata kidogo. Punguza kwanza. Tena ukishapunguza, tulia kwenye uzito huo ndipo upande kitandani.

Mimi ni wa Kigoma mjini, Mwanga, nauza vitenge. Upasuaji huo nilifanyiwa Dar. Nilipoonana na daktari mara ya kwanza nilikuwa na kilo 96, na nilijiandaa kuulizwa habari za pesa. Yeye akauliza, "Huu uzito umekaa nao muda gani?" Akanilaza chali, akaniambia ninyanyue kichwa, akabonyeza katikati ya tumbo kwa vidole. Misuli ilikuwa imeachana, jambo la kawaida kwa sisi tuliozaa. Kisha akanieleza kitu ambacho mashoga zangu wote hawakuwa wanakijua: mafuta ya tumbo yako ya aina mbili. Ile nyama uzembe unayoishika kwa mkono iko chini ya ngozi, na hiyo huondolewa pamoja na ngozi iliyozidi. Mengine yako ndani kabisa, yamezunguka utumbo, na upasuaji huu hauyagusi. Tumbo lililojaa mafuta ya ndani ni kama gunia lililoshindiliwa hadi juu, huwezi kulifunga mdomo. Misuli ikishonwa kwa kulazimisha, mgandamizo wa ndani unapanda, unapumua kwa shida, na damu ya miguuni inarudi polepole. Hapo ndipo donge la damu hujitengeneza mguuni na linaweza kupanda mapafuni. Hilo linaua, na kadiri mwili ulivyo mzito ndivyo hatari inavyozidi. Vidonda navyo hukawia kupona, hufumuka, hukusanya maji.

Sasa namba. Madaktari wengi wanataka BMI, yaani kipimo cha uzito ukilinganishwa na urefu, iwe chini ya 30. Wengine wanavumilia zaidi kidogo, ila ukifika 35 na kuendelea wengi watakurudisha nyumbani. Kokotoa mwenyewe: zidisha urefu wako kwa urefu, 1.58 mara 1.58, unapata karibu 2.5. Gawa kilo 89 kwa hiyo, unakuta 35 na ushee. Ili ushuke chini ya 30 unatakiwa uwe chini ya kilo 75. Ni safari, lakini hakuna aliyekwambia uwe mwembamba kama binti wa sekondari.

Hapa ndipo wengi wanapopotea, dada. Wanakimbilia namba ndogo kuliko zote wanayoweza kuifikia kwa kujinyima, wanakatwa, halafu maisha ya kawaida yanawarudisha juu na ngozi inavutika upya. Na ukikatwa kwanza kisha ukapungua kilo nyingi, ngozi inalegea tena, umelipia kazi ambayo imejifuta. Mimi nilichagua kilo 76, si 68, kwa kuwa niliujua mwili wangu na meza yangu. Daktari alitaka mzani usiyumbe kwa miezi sita angalau. Mimba nayo inaingia humo humo: kama bado unawaza mtoto mwingine, zaa kwanza.

Kuhusu kula, sitakudanganya kwamba niliacha ugali wa muhogo. Mtu wa Kigoma aache ugali wa muhogo ale nini? Nilipunguza ule mlima. Kilichonishusha zaidi ni mafuta. Kijiko kimoja cha chakula cha mafuta, yawe mawese au ya alizeti, kina kalori kama 120, na sisi sombe na maharage tunayamiminia mawese bila kupima. Nikaanza kupima kwa kijiko. Migebuka nikaila ya kuchoma au ya kuchemsha badala ya ile inayoogelea kwenye karai. Dagaa sikuwapunguza, niliwaongeza, maana mwili unahitaji protini ili kidonda kizibe. Usijikondeshe kwa chai na maji ya ndimu. Ukifika hospitali na upungufu wa damu, upasuaji unaahirishwa tu.

Jiandae pia na midomo. Nilipoanza kupungua, sokoni waliniuliza kama naumwa. Wifi yangu akanong'ona kwamba labda kaka yake ananitesa. Halafu tumbo lenyewe lilizidi kuwa baya: mafuta yametoka, ngozi imebaki inaning'inia kama nguo isiyo yako. Hapo utatamani kukimbilia Dar kesho. Usikimbie. Hali hiyo ndiyo daktari anayoisubiri.

Ukiwa unatumia sindano za kupunguza uzito, mwambie daktari wa usingizi mapema, maana zinachelewesha tumbo kumwaga chakula na hilo ni hatari ukiwa umelazwa usingizini. Dawa za mitishamba zitaje zote. Sigara kama unavuta, iache wiki kadhaa kabla. Sukari na presha unaweza kuanza kupima hapo hapo Kasulu kabla hujatumia nauli.

Na nauli yenyewe: usipange kurudi Kigoma haraka. Kukaa kwenye basi au treni kwa safari ndefu vile, miguu imekunjwa, ni kuliita hilo donge la damu. Mimi nilibaki kwa mdogo wangu Mbagala mpaka daktari aliporidhika, nikitembea ndani ya nyumba nimeinama kama bibi. Ndoo ya maji hubebi kwa wiki sita hivi, wala mtoto. Tafuta msaidizi kabla.

Swali lako la mwisho, la mikanda ya kubana tumbo wanayouza mitandaoni: haiyeyushi mafuta. Inakutoa jasho, mzani unashuka kidogo, ukinywa maji unarudi. Mkanda una kazi baada ya upasuaji, na wenyewe utaelekezwa saizi na daktari, kwa hiyo usinunue sasa. Hiyo pesa weka kwenye nauli.