Maswali na Majibu: Glasi ngapi za karela ni sawa na kidonge kimoja cha metformini?

SWALI: Habari za kazi, mfamasia. Mama yangu ana miaka 58, ana kisukari cha aina ya pili, huu ni mwaka wa saba. Anatumia metformini miligramu 500 mara mbili kwa siku na glibenklamidi miligramu 5 asubuhi. Kwa miezi miwili sasa anakunywa glasi ya juisi ya karela (lile tunda chungu la kijani) kila asubuhi kabla ya kula, na anameza kapsuli za unga wa karela alizouziwa na mtu wa WhatsApp. Muuzaji amempa masharti: aache soda, aache chai ya sukari na maandazi, na asile kitu baada ya saa mbili usiku. Sukari yake ya asubuhi imeshuka kutoka 11 hadi 5.8 (mmol/L). Muuzaji anasema sasa aache vidonge vya hospitali kwa sababu karela imethibitishwa kisayansi, na ametutumia picha ya utafiti wenyewe. Naomba kujua glasi ngapi za juisi ni sawa na kidonge kimoja cha metformini, ili tupunguze taratibu. Pia siku hizi ikifika saa nne asubuhi mama anatetemeka na kutoka jasho. Muuzaji anasema ni sumu inatoka mwilini. Je, ni kweli? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Naanza na swali lako la mwisho, kwa sababu hilo haliwezi kusubiri. Hakuna sumu inayotoka. Mtu aliyemeza glibenklamidi, dawa inayolisukuma kongosho kutoa insulini, akateremshia na karela, akaacha chai ya sukari na maandazi yake, kisha saa nne akatetemeka na kulowa jasho, huyo sukari yake imeshuka mpaka kipimo kiseme vingine. Mpimeni palepale anapotetemeka, si baada ya kutulia. Ikiwa chini ya 4, apewe sukari vijiko vitatu au vinne vya chai kwenye maji nusu glasi, au soda ya kawaida nusu chupa (yenye sukari, si ile isiyo na sukari), apimwe tena baada ya dakika 15, halafu ale chakula. Akilegea kiasi cha kushindwa kumeza, msimmiminie chochote mdomoni, mkimbizeni hospitali. Na msingoje tarehe ya kliniki. Kesho asubuhi aonane na daktari ili glibenklamidi iangaliwe upya, na mpaka hapo asiimeze bila kula. Juisi na kapsuli ziwekwe kando. Metformini aendelee nayo mpaka daktari aseme vingine.

Sasa glasi na vidonge. Hesabu unayoiomba haipo, na haipo kwa sababu za msingi kabisa. Kidonge cha metformini cha miligramu 500 kina miligramu 500 kikiwa Tanga, Kigoma au Mumbai. Karela haina kipimo cha namna hiyo. Ile ya Kihindi, fupi, ya kijani iliyokolea na yenye miiba, si sawa na ile ya Kichina iliyo ndefu, nyeupenyeupe na laini, na zote mbili si sawa na zile ndogo zinazojiotea zenyewe vichakani. Viambata vinavyosemwa kushusha sukari hubadilika kwa aina, kwa ukomavu wa tunda na kwa namna lilivyokaushwa au kukamuliwa. Glasi ya leo ya mama yako na glasi ya kesho ni dawa mbili tofauti.

Lakini kinachonikera zaidi ni ile picha. Kila wiki naletewa moja kwenye simu, na karibu zote zinafanana: kichwa cha habari cha Kiingereza, jina la chuo kikuu, mstari uliozungushiwa duara jekundu. Anayeituma hajaisoma. Angeisoma angekuta kwamba utafiti ni wa kweli na maneno ni ya kweli, ila hauzungumzii alichokiuza.

Chukua ule unaotajwa kuliko zote. Mwaka 1981 watafiti wa India walitangaza kwamba wametenga kwenye karela protini ndogo waliyoiita polipeptidi-p, na kwamba inashusha sukari kama insulini. Ndipo wauzaji walipopata msemo wao wa “insulini ya mimea”. Wasichokwambia ni kwamba protini ile ilichomwa kwa sindano chini ya ngozi, kwa wanyama na kwa watu. Haikunywewa. Sababu insulini hutolewa kwa sindano ndiyo hiyohiyo: ni protini, na tumbo hukata protini vipande kama linavyokata samaki na maharage. Kwa hiyo utafiti wa sindano hauwezi kuwa ushahidi wa juisi. Mwenye kisukari cha aina ya kwanza akidanganywa na “insulini ya mimea” akaacha sindano, hatutazungumzia miezi. Siku chache tu zinatosha kumuua.

Zipo tafiti za panya, na ni nyingi. Panya wengi huwa wameharibiwa kongosho kwa makusudi kwa kemikali inayoitwa streptozotosini, kisha wanapewa dondoo kali ya karela kwa dozi inayohesabiwa kwa uzito wa mwili, na sukari yao inashuka. Mwaka 2008 watafiti wa Australia na China walieleza hata njia moja inavyoweza kutokea: viambata vya karela huamsha kimeng'enya kiitwacho AMPK, kinachosaidia misuli kuchukua sukari kutoka kwenye damu. Sina ugomvi na kazi hiyo, ni nzuri. Ila mama yako si panya wa wiki kumi aliyeharibiwa kongosho juzi. Ni mtu mzima ambaye mwili wake umezoea kuikataa insulini kwa miaka, na huenda ana presha na figo za kuangaliwa.

Kwa binadamu je? Hapa ndipo muuzaji hunyamaza. Mwaka 1981 huohuo jarida la madaktari wa Uingereza lilichapisha habari za wagonjwa waliopewa juisi ya karela na karela ya kukaanga, na sukari yao ikawa nafuu kidogo. Wagonjwa wenyewe walikuwa tisa. Mwaka 2007, Ufilipino, wagonjwa 40 waligawanywa kwa bahati nasibu, nusu wakapewa kapsuli za karela na nusu kapsuli tupu, kwa miezi mitatu. HbA1c, kile kipimo cha sukari ya miezi mitatu, ilitofautiana kwa asilimia 0.22 tu, tofauti ndogo mno kuweza kutenganishwa na bahati. Metformini kwa kawaida huishusha kwa karibu asilimia moja au zaidi. Mwaka 2011, Thailand, karela ilipambanishwa na metformini uso kwa uso kwa wiki nne. Dozi za miligramu 500 na 1,000 za unga uliokaushwa hazikufua dafu. Miligramu 2,000 kwa siku ilishusha sukari kidogo, chini ya metformini ya miligramu 1,000. Na mwaka 2012 wachambuzi wa Cochrane, mtandao unaopitia tafiti za tiba, walikusanya majaribio manne yaliyofaa, yenye watu 479 kwa jumla, wakahitimisha kwamba ushahidi hautoshi kuipendekeza karela kutibu kisukari cha aina ya pili.

Soma hapo vizuri. Hawakusema karela haifanyi kitu. Yawezekana inafanya kitu kidogo. Na kitu kidogo juu ya glibenklamidi kinatosha kumwangusha mtu sokoni. Hilo si jipya: jarida la tiba la Lancet la mwaka 1979 liliwahi kueleza habari za mgonjwa wa kisukari ambaye mchuzi wa karela uliingiliana na klopropamaidi, dawa ya ukoo mmoja na glibenklamidi. Kwa hiyo mimea hii ina nguvu ya kumdhuru mama yako ikiongezwa kwenye dawa, na haina nguvu iliyothibitika ya kumlinda ikiwekwa mahali pa dawa. Hili ndilo watu hawataki kunielewa. Wanadhani kitu kikiweza kushusha sukari basi tayari ni tiba. Njaa nayo hushusha sukari.

Ndiyo, nimeiona ile 5.8. Sasa rudi kwenye barua yako uhesabu mambo yaliyobadilika siku moja. Ameacha soda. Ameacha chai ya sukari. Ameacha maandazi. Ameacha kula baada ya saa mbili usiku, na kipimo unachonipa ni cha asubuhi, yaani kinachoguswa zaidi na chakula cha usiku. Pengine tangu aanze kufuatiliwa kila siku anameza na metformini yake bila kuruka. Karela ni jambo la tano au la sita kwenye orodha, lakini ndilo lililolipiwa hela, kwa hiyo ndilo linalopewa sifa. Masharti yale mtaalamu wa lishe wa kliniki yenu alishampa bure, nina hakika, na hakuyafuata. Nampongeza kwa kuyafuata sasa, na ayashike. Kwa sababu hiyohiyo majaribio huwa na kundi la kapsuli tupu: mtu yeyote akianza “matibabu mapya” hubadilisha na mengine, na bila kundi la kulinganisha huwezi kujua kilichofanya kazi ni kipi. Ushuhuda wa jirani hauna kundi la kulinganisha. Video ya mzee aliyepona haina pia.

Kuna jambo jingine ambalo 5.8 haiwezi kukwambia. Hatutibu kisukari ili namba ipendeze kwenye mashine, tunatibu ili moyo, figo, macho na miguu ibaki salama. Metformini ilipimwa kwa hilo. Utafiti mkubwa wa Uingereza uliotangazwa mwaka 1998 uliwafuatilia wagonjwa wanene kwa takriban miaka kumi, na waliopewa metformini walipungukiwa vifo vitokanavyo na kisukari kwa asilimia 42 ukilinganisha na waliotegemea lishe. Katika yale majaribio manne ya karela hakuna hata moja lililopima vifo wala madhara ya muda mrefu, na yaliyodumu zaidi yalikwenda miezi mitatu.

Mtu ataniambia nachukia mitishamba, kwamba sisi wa dukani tunalinda kemikali za wazungu. Metformini yenyewe ina asili ya mmea. Ulaya walikuwa na mmea uitwao Galega officinalis, ukitumiwa tangu zamani. Ilipogundulika kwamba kiambata chake hushusha sukari, ilionekana pia kuwa ni sumu, kwa hiyo wanakemia wakatengeneza ndugu zake walio salama zaidi. Metformini ilitengenezwa mwaka 1922, na daktari Mfaransa Jean Sterne akatangaza matokeo yake kwa wagonjwa mwaka 1957. Hivyo ndivyo mmea unavyokuwa dawa: kiambata kinajulikana, dozi inajulikana, madhara yameandikwa. Karela bado iko njiani, na yawezekana haitafika.

Kama chakula, sina neno. Karela ya kukaanga na vitunguu, mara moja moja, na chakula kingine, mama ale tu, mradi daktari amesharekebisha glibenklamidi. Wajawazito wasinywe juisi yake wala dondoo, maana kwa wanyama baadhi ya protini zake zimeharibu mimba. Mbegu zina visini, kile kiambata cha kwenye baadhi ya maharage kinachopasua chembe nyekundu za damu kwa wenye upungufu wa G6PD (kimeng'enya kinacholinda chembe hizo), na upungufu huo si haba kwetu tunaoishi penye malaria. Watoto wasipewe kabisa.

Ambacho sina subira nacho ni kapsuli. Juisi angalau mliikamua wenyewe mkaona ni karela. Kwenye kapsuli hujui. Muuzaji atakuonyesha karatasi ya Mkemia Mkuu au usajili wa Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala. Uliza karatasi hiyo inahusu nini. Kupimwa kwa sampuli hueleza kilichokuwamo kwenye sampuli iliyopelekwa siku ile, hakusemi kwamba inatibu kisukari, wala kwamba chupa uliyoletewa na bodaboda ina kitu kilekile. Mwaka 2011 tulipanga foleni mpaka Samunge, kwa Babu wa Loliondo, kwa kikombe cha shilingi 500, na wapo walioacha dozi zao wakiamini wamepona. Kikombe kile angalau kila mtu alikijua ni maji ya mizizi.

Dawa ya “asili” inayoshusha sukari haraka mno ndiyo ya kuogopa kuliko isiyofanya kitu. Singapore, mwaka 2008, watu 150 walipelekwa hospitali katika miezi mitano, sukari imeshuka vibaya, na wanne wakafa. Wengi hawakuwa hata na kisukari. Baadhi yao walikiri kumeza dawa za kuongeza nguvu za kiume zilizouzwa kwa magendo, na baadhi zikapatikana zimechanganywa na glibenklamidi, ileile anayomeza mama yako. Kuna nchi kadhaa ambako unga wa mitishamba ya kisukari umekutwa na dawa za hospitali ndani yake, kwa sababu mteja akiona namba imeshuka siku ya tatu atarudi na atawaambia wenzake. Sisemi kapsuli za mama yako ziko hivyo. Nasema anatetemeka saa nne asubuhi, na wewe huna njia ya kujua amemeza glibenklamidi moja au mbili.

Kwa hiyo kesho mkienda, bebeni na chupa ya hizo kapsuli, na zilizobaki msizitupe. Wengi huzificha kwa kuogopa kugombezwa. Mtagombezwa, sawa, lakini daktari atajua la kufanya: sukari iliyoshushwa na glibenklamidi hupanda kwa chupa ya glukosi kisha ikashuka tena baada ya saa kadhaa, na mgonjwa wa namna hiyo haruhusiwi kurudi nyumbani kwa sababu tu amefumbua macho.